Mama ameanguka Ujiji, watoto tuko Dar: tumhamishe au tumwache kwake?

"Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 76, anaishi Ujiji katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Ana presha na anatumia dawa. Wiki sita zilizopita aliamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha, choo kiko uani, akaanguka mlangoni. Alijigonga kichwa kidogo na nyonga, ila hakuvunjika. Tangu siku hiyo tumemkataza kazi zote. Tumemwachisha biashara ya dagaa aliyokuwa akiuza barazani, tumemletea binti wa kumpikia na kumfulia. Badala ya kupata nafuu anazidi kudhoofika: akiinuka anashika ukuta, anasahau, mchana analala sana. Majirani wanasema ni uzee tu. Kaka anataka akakae kwake Tabata, ghorofa ya tatu. Mama amegoma, anasema huko hana mtu. Akibaki tunaogopa, akija tunaogopa. Tufanye nini?"

Marahaba. Poleni nyote, na mama mfikishie pole zangu. Umeuliza kuhusu kuhama, lakini katika maelezo yako kuna jambo la haraka kuliko hilo, nalo ni kichwa chake.

Umesema alijigonga "kidogo". Kwa kijana ningekubali tukaendelea. Kwa mtu wa miaka 76 siwezi. Kadiri umri unavyosogea ubongo hupungua ukubwa, na nafasi iliyopo kati yake na fuvu huongezeka. Mishipa midogo ya damu inayovuka nafasi hiyo hubaki imevutika, kwa hiyo hata pigo dogo linaweza kuchana mmojawapo. Damu yake haitoki kwa kasi. Huvuja polepole kwa siku na wiki, ikajikusanya na kuukandamiza ubongo. Siku ya ajali mgonjwa huinuka, husema yuko salama na kunywa chai yake. Wiki kadhaa baadaye ndipo usingizi wa mchana unapozidi, anapoanza kusahau, mwendo unapoyumba, kichwa kinapouma au mkono na mguu wa upande mmoja unapolegea. Anayetumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda yuko katika hatari kubwa zaidi.

Sisemi kwamba mama ana tatizo hili. Nasema dalili ulizozitaja zinafanana nalo mno, na si jambo la kukisia kwa simu. Aende hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, kesho asubuhi, na anayempeleka aseme wazi mambo mawili: tarehe aliyoanguka akajigonga kichwa, na kwamba kusahau kumeanza baada ya hapo. Hayo mawili yasiposemwa pamoja, daktari mwenye foleni ndefu anaweza kuona bibi mwenye presha aliyechoka, akamwandikia vitamini. Aulize kuhusu picha ya CT ya kichwa, yaani picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya fuvu. Damu ya aina hii ikigundulika, mara nyingi inaweza kutolewa kwa upasuaji na mgonjwa akarudi katika hali yake. Papo hapo wapime malaria, sukari, wingi wa damu, mkojo, na ikiwezekana chumvi za mwilini. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, na mzee anaweza kuwa na malaria au maambukizi ya njia ya mkojo bila homa kali. Dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa.

Lakini kama kabla hujamaliza kusoma hapa ameanza kutapika, hawezi kuamshwa vizuri, anaongea maneno yasiyoeleweka au mdomo umepinda, usingoje kesho. Aende usiku huuhuu.

Sasa nije kwenye kauli ya majirani, kwamba ni uzee tu. Kauli hiyo imewanyima tiba wazee wengi ninaowafahamu, nami naipinga kila ninapoisikia. Uzee huja kwa miaka. Haumfanyi mtu aliyekuwa akipanga mafungu ya dagaa na kuhesabu chenji ashindwe kukumbuka ndani ya wiki sita. Mabadiliko ya haraka kiasi hicho yana sababu, na sababu hutafutwa. Hata usahaulifu wa ugonjwa wenyewe, yaani dimenshia, si fungu la kila mzee: utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wenye miaka 70 na kuendelea, uliukuta kwa takribani 6 kati ya kila 100. Waliobaki, ambao ni wengi mno, walikuwa wazee wasio nao.

Tuseme basi Maweni wamemwona, kichwa ni salama, malaria hana. Bado anashika ukuta akiinuka. Hapa inabidi niseme jambo ambalo pengine litawauma, ingawa mlilifanya kwa mapenzi: mapumziko mliyompa yanamdhoofisha.

Msuli wa mzee una tabia moja ngumu. Ukitumika hudumu, usipotumika hupotea haraka, na haurudi kwa kasi ule uliopotea. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwaomba wazee wenye afya njema wakae kitandani siku 10 tu. Walipopimwa, walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Hawa walikuwa wazima, wanakula vizuri, hawana jeraha lolote.

Mfikirie mama yako alivyokuwa akiishi kabla ya kuanguka. Anakaa kwenye kigoda chini ya kibaraza, beseni la dagaa mbele yake. Mteja anakuja, anainuka kumfungia. Jua linasogea, anainuka kuhamisha beseni kivulini. Mtoto wa jirani anataka chenji, anaingia ndani na kutoka. Adhuhuri ikiadhiniwa anainuka, anatawadha, anaswali: kusimama, kurukuu, kusujudu, kuinuka tena. Kigoda ni kifupi, na kuinuka kutoka chini vile ni kazi nzito ya mapaja. Alikuwa akiifanya mara nyingi kwa siku bila kuiita mazoezi. Sasa anakaa kwenye kochi refu lenye mito, chakula kinaletwa, nguo zinafuliwa, na baada ya kuanguka huenda hata swala anaswalia kiti. Kitu pekee kilichokuwa kikimshikilia wima kimeondolewa. Halafu kuna hofu. Aliyeanguka mara moja hutembea kidogo ili asianguke tena. Kwa kutembea kidogo miguu hulegea, na miguu iliyolegea ndiyo inayomwangusha.

Habari njema ni kwamba msuli wa mzee husikia. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, waliofanya mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Walikuwa na miaka 90. Mama yako ana 76.

Kwa hiyo, akisharuhusiwa na daktari, anza na kiti. Tafuta kigumu kisicho na mikono, cha urefu wa goti, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Akae nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote mbili bapa sakafuni, visigino vivutwe nyuma kidogo. Ainame mbele hadi pua ipite usawa wa vidole vya miguu. Wazee wengi hushindwa kuinuka kwa sababu wanajaribu kusimama wima moja kwa moja, na uzito wote unabaki nyuma. Asimame, atulie, kisha ashuke taratibu bila kujibwaga. Asiharakishe kushuka, kwa maana hapo ndipo mapaja yanapofanya kazi zaidi. Akishindwa, weka mto mgumu juu ya kiti apate urefu, au ajisukume kwa mikono siku za mwanzo. Afanye mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Mwanzoni mtu mzima asimame kando yake. Akipata maumivu ya kifua au pumzi kumkatika, aache na mnipe taarifa, au mrudi hospitali.

Wiki ya kwanza pima: ndani ya sekunde 30, anasimama kikamilifu mara ngapi akiwa amekunja mikono kifuani? Kwa mwanamke wa miaka 75 hadi 79, chini ya mara 10 maana yake miguu ni dhaifu na hatari ya kuanguka ipo. Andika namba hiyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuuzoesha mwili usiyumbe siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa hiyo ongeza na hili: ashike ukingo wa meza nzito, asimame kwa mguu mmoja akihesabu hadi kumi, abadilishe.

Na arudishiwe dagaa wake. Sio beseni zima siku ya kwanza, wala asibebe ndoo kutoka mwalo wa Kibirizi. Mtu mwingine anunue na kubeba, yeye akae barazani auze. Hata kama faida ni ndogo kuliko mnachomtumia kwa simu.

Tukija kwenye kilichomwangusha: aliamka kitandani, giza, akaenda moja kwa moja. Mtu anaposimama, damu hushuka miguuni, na mishipa inatakiwa ijibane haraka ili ubongo usikose. Kwa wazee wengi mwitikio huo huchelewa, na dawa za presha zinaweza kuuchelewesha zaidi. Mwombe daktari ampime presha akiwa amelala dakika tano, kisha akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mmepata sehemu ya jibu. Nawasihi msimwachishe dawa ya presha wenyewe, maana presha iliyoachwa huleta kiharusi, na hapo tutakuwa tunazungumza mengine kabisa. Daktari ndiye atakayepunguza au kubadili.

Anayempeleka atie dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na alizonunua duka la dawa na alizopewa na shoga yake. Dawa ya kukojosha ikinywewa jioni humwamsha usiku kucha. Daktari anaweza kuihamishia asubuhi. Piriton ya mafua, diazepamu ya usingizi na amitriptilini ya huzuni au maumivu ya mishipa ya fahamu humpa mzee usingizi, usahaulifu na kuyumba. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nadhani amekuwa akimeza kwa ajili ya nyonga, hupandisha presha, huumiza figo na hukwangua tumbo. Kwa umri wake parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Katika safari hiyohiyo aangaliwe macho, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na masikio, ambayo wakati mwingine yamezibwa na nta tu.

Kitandani afundishwe kukaa kwanza ukingoni, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame.

Nyumba haihitaji fedha nyingi. Ameanguka mlangoni, basi kizingiti kichongwe au kipakwe rangi nyeupe kionekane. Fundi seremala amtengenezee kiti imara chenye tundu cha kuweka juu ya choo, na nguzo ya kushika kila upande, iliyochimbiwa chini na si kupigiliwa kwenye ukuta wa udongo. Usiku awe na ndoo yenye mfuniko chumbani. Najua wengi huona aibu, ila ni heshima zaidi kuliko kuokotwa uani. Maji ya udhu yawekwe ndani. Taa ndogo ya sola iwake kutoka kitandani hadi mlangoni. Kandambili ziachwe, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Chakula chake nakiona bila kuuliza: ugali wa muhogo, mboga kidogo, chai. Muhogo hauna protini ya maana, na mazoezi bila protini hayajengi chochote. Mtu wa umri wake anahitaji takribani gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Na anauza mojawapo ya vyakula bora kwa jambo hili! Dagaa wakavu ni protini kwa sehemu kubwa ya uzito wao, na wakiliwa wazima na mifupa yao huleta madini ya chokaa pia. Kama meno yamepungua, watwangwe wawe unga, utiwe kwenye uji au kwenye mboga. Wasiwe wa chumvi, kwa sababu ya presha. Samaki aina ya mgebuka, maharage, karanga na maziwa hufaa vilevile.

Huyo binti mliyemleta ana umri gani? Nauliza kwa sababu nimeona mara nyingi mtoto wa shule akiachishwa masomo ili amlee bibi, na hilo sikubaliani nalo hata familia iwe na shida namna gani. Awe mtu mzima, alipwe, na kazi yake ielezwe upya: afanye pamoja na mama, sio badala yake. Mama akatekate mchicha, binti achochee jiko. Mama afue kanga zake nyepesi, binti afue mashuka.

Yeye peke yake hatoshi. Ujiji ni mji wa watu wanaojuana. Jirani akiona mlango wa bibi haujafunguliwa saa mbili asubuhi, atagonga. Utaratibu huo upo tayari, nanyi mnatakiwa kuupa jina na namba ya simu. Chagueni majirani wawili, waombeni rasmi, waachieni ufunguo wa akiba, orodha ya dawa na nauli ya bajaji ya kufikia Maweni. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii aandikishwe kama mzee na ajue baraza la wazee la kata yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya umma wakiwa wametambuliwa. Kama mama hana kitambulisho hicho, aulizie. Lakini wekeni akiba ya dawa za presha za mwezi mmoja mbele, kwa kuwa kutibiwa bure hakumaanishi kwamba dawa itakuwepo dirishani siku hiyo. Huko Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwasaidia wazee kwa pensheni ndogo na vikundi vya kusaidiana wao kwa wao. Kikundi cha namna hiyo hata bibi watano wa mtaa mmoja wanaweza kukianzisha bila kungoja mfadhili.

Kuhusu Tabata sasa. Kaka yako hana kosa, na hoja yake ina uzito: kwake kuna mtu usiku, na hospitali kubwa ziko jirani. Lakini ghorofa ya tatu maana yake ni ngazi, na mtu mwenye mapaja dhaifu akishapandishwa, hashuki. Mchana nyie mko kazini, yeye anabaki na televisheni. Choo kigeni, korido ngeni, usiku wa kwanza ndio wa kuanguka. Mama anaposema huko hana mtu, nalichukulia hilo kama maelezo ya kitabibu. Jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Miongoni mwake ni upweke, kutotembea, uziwi na uoni hafifu usiotibiwa. Ghorofa ya tatu inaleta mawili ya kwanza kwa pamoja, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kwa shoga zake.

Ushauri wangu abaki Ujiji. Ningebadili msimamo kama ameanza kutoka nyumbani na kupotea njia, kama anaacha jiko likiwaka, kama hawezi kuinuka kitandani bila msaada na hakuna mtu mzima wa kulala naye, au kama anaendelea kuanguka baada ya haya yote kufanyika. Hapo ahame, ila kwanza mtafute nyumba ya chini, karibu na msikiti na watu wa Kigoma, na muwe wa kweli kuhusu nani atakuwa naye mchana. Na kama ni Dar kwa matibabu ya mwezi mmoja, aambiwe kuwa ni mwezi mmoja, kisha arudishwe kweli. Wazee wengi hugoma kwa sababu wameona wenzao wakiondoka "kwa matibabu" wasirudi.

Baada ya wiki 12 mketishe tena kwenye kiti kilekile, hesabu sekunde 30, linganisha na namba uliyoandika. Ikiwa imepanda hata kwa mbili au tatu, endeleeni, na punguzeni urefu wa kiti kuelekea kigoda chake. Ikiwa haijasogea ilhali amekula na amefanya mazoezi, msimlaumu. Mrudisheni kliniki atafutwe upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, mishipa ya fahamu ya miguuni na huzuni, kwa sababu hayo yote hutibika na yote hujificha kwenye miguu.